Mtu wa Nyuma Yake kwenye Foleni

Sanduku la mapeasi lilipasuka katikati ya stesheni ya Dongdaegu, wiki ya Seollal, sikukuu ya mwaka mpya wa Kikorea, wakati nusu ya mji ilikuwa ikikimbilia kwa bibi na babu na nusu nyingine ilikuwa ikirudi kutoka huko imenuna. Peasi moja kubwa likabingirika mpaka kwenye kiatu cha Pyo Iseul. Akalitazama. Hakuinama.

Iseul alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na majirani zake. Alikuwa na miaka ishirini, nywele alizojikata mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, koti jeusi la baridi lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na macho yaliyoona upumbavu kila yalipogeuka. Aliwadharau wasafiri waliobeba makopo ya nyama yaliyofungwa utepe wa dhahabu, eti zawadi. Aliwadharau wajomba ambao wangeyapokea makopo hayo kwa mikono miwili huku wakiulizana mtoto wa nani kaingia chuo gani. Kitu pekee asichokidharau kilikuwa treni, ndiyo maana kila Jumamosi alikuja kukaa pale.

"Samahani dada, hilo ni langu," ilisema sauti nyuma ya rundo la watu.

"Naliona. Njoo ulichukue, halina miguu."

"Nikiinama haya mengine yataanguka. Nisukumie tu."

Iseul akalipiga teke. Kijana akalizuia kwa goti, akayumba, akaangusha mengine manne. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio mekundu kwa baridi, amevaa sweta la kijani ambalo bila shaka lilifumwa na mama mtu. Iseul akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

"Unasafiri?" kijana akauliza alipokwisha kuyakusanya.

"Hapana. Naangalia treni. Haya, cheka."

Hakucheka. Aliketi kando yake, sanduku lililopasuka mapajani. "Hebu nieleze. Kwa nini ile ikisimama inalia, na hii haisikiki kabisa?"

Tangu azaliwe, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Iseul swali hilo. Alianza na breki, akaingia kwenye magurudumu, na alipofika kwenye umeme wa juu ya reli, umati ulikuwa umepungua na kijana bado anasikiliza. Jina lake lilikuwa Ban Seokju. Alikuwa amemzidi mwaka mmoja.

"Basi nikuite kaka," Iseul akamwambia kwa kejeli. "Kaka Mapeasi."

Siku ileile alimpa namba yake ya simu.

Nyumbani hali ilikuwa ya wendawazimu. Iseul alikuwa ameshapata nafasi ya kusoma uhandisi wa reli kwenye chuo kidogo cha serikali, na ameshajisajili. Kwa mama yake, Bi Cha Myeongok, mwenye duka la miwani pale Suseong, hiyo haikuwa nafasi, ulikuwa msiba. Bibi huyo alikuwa amemwombea pia ufamasia kwenye chuo chenye jina huko Seoul, na huko Iseul hakukosa wala hakupata: aliwekwa kwenye foleni. Kila Februari, waliochaguliwa na vyuo viwili huacha kimoja, na kwa nafasi iliyoachwa hupigiwa simu aliye mbele kwenye foleni. Karani anauliza swali moja tu, utajisajili au hutajisajili, na jibu linarekodiwa. Usipopokea, anapigiwa wa nyuma yako. Ndiyo maana mwezi huo watu wazima wenye akili zao, wenye maduka na magari, huishi wakiitumikia simu.

"Unakwenda wapi na hiyo simu?"

"Kuoga, mama."

"Itie kwenye mfuko wa plastiki uingie nayo. Na maji usifungulie kwa nguvu, hutaisikia."

"Nitaoga kwa kikombe basi."

"Cheka, cheka tu. Jana nimepanda mlima Palgong na magoti haya, nimemsujudia Buddha wa jiwe mpaka kiuno kimekufa ganzi. Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya majirani. Ili uwaambie."

"Fundi wa reli!" Bi Myeongok akapiga paja. "Mtoto wa kike, na hizo alama! Watu wakiniuliza nitasema nini? Nimezaa makanika?"

Baba alikuwa sebuleni akiangalia mpira wa kikapu. Aliongeza sauti ya televisheni, kama alivyozoea.

Mapenzi yalimkuta Iseul katikati ya vurugu hizo, na yalimkuta hajajiandaa. Yeye na Seokju walipanda treni ya polepole mpaka Pohang, mji wa pwani, wakala chapati za sukari zilizowaunguza ndimi, wakarudi bila hata kufika baharini. Iseul alipokuwa kwenye duka la mama yake akiwapimia wateja fremu, alimpigia chini ya kaunta.

"Kaka, umenikumbuka?"

"Sijakukumbuka hata kidogo. Nimekuwa nikikaa tu, nikihesabu mabehewa."

"Mwongo. Huwezi hata kuhesabu mapeasi."

"Wee mkorofi! Mpenzi, niambie ukweli. Wakikupigia kutoka Seoul utakubali?"

"Nife kwanza. Wewe unaona niende reli, si ndiyo?"

"Naona uende reli," Seokju alisema. "Hakuna mtu anayezijua kama wewe."

Maneno hayo Iseul alilala nayo. Kuhusu yeye mwenyewe, Seokju alisema tu kwamba amefanya mtihani wa kuingia chuo mara tatu na kuna mahali anasubiri simu. Ni mahali gani, Iseul hakuuliza. Aliudharau mchezo wote ule wa vyuo, na mwenye dharau haulizi. Anadhani anajua.

Siku ya mwisho ya simu hizo ilipofika, Bi Myeongok alirudi kutoka dukani saa sita mchana, uso unamng'aa. Hakuwa amefurahi hivyo tangu mtoto wa dada yake afeli.

"Keti," alisema. "Una mvulana wewe?"

"Mama!"

"Mrefu, mwembamba, ana sweta la kijani. Mama yake ana saluni Chilseong. Mteja wangu anatengenezwa nywele pale. Unajua huyo mvulana anasubiri nini? Ufamasia. Chuo kilekile. Yuko nyuma yako kwenye foleni, nyuma yako kabisa! Na mama mtu anawatangazia wateja, kichwa kwa kichwa, 'Yule binti wa mbele yetu, yule wa reli, hana neno, mwanangu ameshamshughulikia.'"

Iseul alikumbuka. Kwenye kikundi cha simu cha waombaji, siku majina yalipotoka, aliandika kwa majivuno yake yaleyale, mbele ya watu asiowajua: nafasi yake kwenye foleni, chuo chake cha reli, na kwamba anayetaka kumwona mtu anayedharau ufamasia amtafute stesheni ya Dongdaegu kila Jumamosi. Aliyaandika mwenyewe, kwa kidole chake.

Aliingia chumbani, akapiga simu.

"Mpenzi!"

"Ulijua mimi ni nani siku ile stesheni?"

Kilisikika kiti kikiburutwa upande wa pili, lakini Iseul alitaka jibu.

"Sema, Seokju."

Iseul alikuwa hajawahi kumwita jina tupu. "Nilijua," Seokju alijibu.

"Na yale mapeasi? Ulinunua wewe?"

"Mama alinunua."

"Mungu wangu. Hata kuanguka kwenyewe ulifundishwa na mama yako?"

"Kuanguka ilikuwa bahati mbaya. Iseul, nisikilize. Nilikuja nikijua, ni kweli. Nilitaka tu kuhakikisha hubadilishi mawazo. Halafu ukaanza kueleza zile breki, na..."

"Usinitajie breki!"

"Nimekaa kwenye chumba kisicho na dirisha miaka mitatu nikisoma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Iseul. Wewe una chuo mkononi, unacheka. Mimi sina hata kimoja. Kila siku nilitaka kukuambia. Nikaogopa."

"Uliogopa kunikosa mimi au kukosa ufamasia?"

"Vyote viwili."

"Basi nitakusaidia. Wakinipigia leo nasema ndiyo. Ufanye mtihani wa nne, labda safari hii mama yako atanunua machungwa."

Alikata simu. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu, kisha akanawa uso na kwenda kuketi sebuleni mbele ya wazazi wake, simu juu ya meza. Bi Myeongok alikuwa ameshavaa hereni, sijui za nini. Labda alidhani karani angemwona.

Ililia jioni, jua linazama nyuma ya maghorofa. Namba ya Seoul.

Bi Myeongok alishika kifua. Hata baba alizima televisheni.

"Ninaongea na mwombaji Pyo Iseul?" Sauti ya karani ilikuwa imechoka kabisa. "Umepata nafasi ya ufamasia iliyoachwa wazi. Mazungumzo haya yanarekodiwa. Utajisajili au hutajisajili?"

"Ndiyo," Bi Myeongok alinong'ona kando yake. "Sema ndiyo, mwanangu. Sema, uone nitakavyokupikia."

Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Neno dogo tu, na Seokju angerudi kwenye kile chumba kisicho na dirisha, na mama yake angebaki na saluni imejaa wambea. Ilikuwa tamu sana. Iseul aliuonja utamu wake kwa muda wa pumzi mbili, halafu akaona kilichofuata: miaka sita ya vidonge, na baada yake maisha mazima ya koti jeupe nyuma ya kaunta, akiwatolea wagonjwa dawa za kikohozi, yote ili kumkomoa kijana wa sweta la kijani ambaye kwa wakati huo atakuwa ameoa na kusahau. Alimdharau Seokju. Lakini msichana wa kufanya jambo kama hilo ndiye ambaye Iseul angemdharau zaidi, na huyo ndiye angelazimika kuishi naye.

"Mwombaji?"

"Sitajisajili," alisema Iseul.

"Una hakika? Ukishasema haibadiliki."

"Nina hakika. Pole kwa kazi, dada."

Bi Myeongok alikaa chini sakafuni pale pale na hereni zake. "Kwa ajili yake! Umempa yule mvulana kwa mikono yako! Ukisusa, wenzio wala, mtoto mjinga wewe, ukisusa, wenzio wala!"

"Sijasusa, mama. Chakula chenyewe hakikuwa changu. Hata asingekuwepo mtu nyuma yangu, ningesema vilevile."

"Miaka ishirini! Miaka ishirini nimekulea, unanilipa reli!"

"Utakapopanda treni nitakukatia tiketi ya dirishani."

Ilikuwa kejeli, lakini mkono wake ulikuwa umemshika mama bega, na mama hakuuondoa. Alilia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani. Baba alikohoa. Katika mambo ya chuo hakuwa amefungua mdomo tangu Iseul aanze shule ya msingi.

"Huko chuoni kwenu," aliuliza, "mabweni yana joto?"

"Yana, baba."

"Haya," akasema, akawasha tena mpira wake.

Simu ililia mara ya pili kabla machozi ya Bi Myeongok hayajakauka. Iseul alitoka nayo kwenye roshani, kwenye baridi ya kukata masikio, katikati ya mitungi ya kachumbari ya kimchi.

"Wamenipigia," Seokju alisema. Alikuwa anahema. "Iseul, ulikataa."

"Nilikataa kwa ajili yangu. Usijipe kichwa."

"Najua."

"Na wewe ulisemaje?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za saluni, wanawake wanashangilia, mtu anapiga makofi. Halafu mlango ukafungwa, kelele zikakatika.

"Nimekubali," alisema. "Kengele haikumaliza hata kulia. Nilikaa nikifikiria nikuambie kwamba nilikataa kwanza, wakanibembeleza. Lakini ungekuwa uongo wa pili. Nilikubali palepale. Nilipiga kelele. Nina furaha, Iseul, na naona aibu kwamba nina furaha."

Iseul aliegemea ukuta. Alitafuta dharau yake mahali ilipokaa siku zote, na ilikuwepo, nzima. Lakini kando yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuwa amekikaribisha.

"Ungesema umekataa, ningekata simu," alimwambia.

"Sasa hukati?"

"Bado nafikiria. Wewe ni mtu wa hovyo, kaka. Unatumwa na mama yako kutongoza wasichana."

"Kweli."

"Na sweta lile ni baya."

"Kweli pia. Naweza kuja kukuona kabla hujaondoka?"

"Kuniuliza nini? Kila ulichoniuliza tangu tujuane kilikuwa na faida kwako. Hizo treni, Seoul, kila kitu. Niulize kitu kimoja, kimoja tu, ambacho hakikupi wewe chochote."

Chini barabarani basi la shule za jioni lilisimama likateremsha watoto wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao, na Iseul akadhani kijana ameshindwa.

"Umekula?" Seokju aliuliza.

Iseul alifumba macho. Tangu asubuhi, katika nyumba ile yenye watu wanaompenda, hakuna aliyekuwa amekumbuka.

"Bado," alisema.