Nyumba ya Watu Wawili

Mtu aliyetandika vitanda vya hoteli miaka kumi na mmoja haendi likizo akapumzika. Mwili utapumzika, lakini macho yanabaki kazini. Mama Chiriku alikuwa hivyo. Akiingia chumba chochote, hata cha mgonjwa aliyekwenda kumjulia hali, jicho lake linakwenda lenyewe kwenye pembe za shuka, kisha kwenye taulo, kisha kwenye vikombe. Kwao kazini hesabu ndiyo kazi yenyewe: wageni wawili, taulo mbili, vikombe viwili, ndara jozi mbili. Mgeni akihamishwa chumba, unamhamisha na vitu vyake kimoja kimoja, kuanzia mto hadi kikombe. Ukisahau kikombe nyuma, asubuhi jikoni wanampikia mgeni ambaye hayupo, na wewe unaitwa ofisini kujieleza.

Basi walifika Ijumaa, saa saba mchana, jua kali na upepo wa kupeperusha kofia. Barabara ilikuwa imeacha kuwa barabara kilomita tatu nyuma. Geti lilijifungua lenyewe, na mbele yao ikasimama nyumba waliyoiona kwenye simu: sanduku jeupe la zege na kioo, limekaa juu ya majabali kama friji iliyosahauliwa na wahamaji. Chini yake bahari ilikuwa inajipiga kwenye mawe.

Tangazo lilisema nyumba ni ya watu wawili tu, na watoto hawapokelewi. Nao walikuwa watatu. Ilikuwa likizo yao ya kwanza tangu harusi, na mtoto alikuwa abaki kwa shangazi yake. Lakini shangazi akaamka na tumbo la kuendesha siku ile ile ya safari. Kuahirisha hawakutaka. "Tutamlaza katikati," alisema mama Chiriku. "Mtoto wa miaka sita anajaza nyumba gani?" Mumewe, fundi lifti, mtu wa maneno machache, akaguna tu na kuwasha gari.

Chiriku lilikuwa jina la utani la mtoto, na alilistahili. Tangu nyumbani hadi pale hakufunga mdomo. Aliuliza kwa nini bahari haijai, akaimba, akauliza tena.

Mlangoni walikuta viatu. Vya kiume, vyeusi, vya ngozi, visigino vimegusa ukuta. Chumvi ilikuwa imeviotea weupe.

"Wageni waliotangulia wamesahau," alisema fundi lifti.

"Watu wanasahau chaja," mama Chiriku akamwambia. "Wanasahau chupi. Mmoja aliacha meno ya bandia ndani ya glasi, nikapiga kelele hoteli nzima ikasikia. Lakini viatu? Sasa ameondoka na nini miguuni?"

Chiriku alicheka hadi akakaa chini. Alasiri nzima akawa anazunguka na maneno hayo, anayaimba: ameondoka na nini miguuni, ameondoka na nini miguuni.

Ndani kulikuwa kweupe pe. Hakuna picha, hakuna pazia, hakuna hata msumari ukutani. Meza moja, viti viwili. Vikombe viwili, sahani mbili, ndara jozi mbili, taulo mbili zilizokunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye, na hilo lilimuuma kidogo. Chiriku aliangaza macho akauliza, "Mama, wenyewe wamehama?"

Mezani palikuwa na kadi na penseli. Idadi ya wageni, kisha mstari, kisha sehemu ya saini.

"Andika tatu," alisema Chiriku, ambaye ndiyo kwanza amejua namba.

"Nikiandika tatu tutafukuzwa. Wewe leo huhesabiwi, umesikia? Wewe leo ni begi langu."

Chiriku alifurahi sana kuwa begi. Mama yake akaandika mbili, akatia saini.

Kutoka sebuleni kwenda chumbani kulikuwa na korido isiyo na dirisha, giza hata mchana, na taa yake ilikuwa ya kujiwasha mtu akipita. Fundi lifti alipita, ikawaka. Mama Chiriku alipita, ikawaka. Chiriku alipita, ikabaki kimya. Akarudi, akaruka, akapunga mikono yote miwili. Giza lile lile.

"Kihisio wamekifunga juu mno," alisema baba yake. "Mtoto mfupi, hakimpati." Alisema kifundi, na jambo likaisha.

Asubuhi ya Jumamosi fundi lifti aliamka mapema akapika chai, jambo ambalo lenyewe lingetosha kuitwa muujiza. Akamimina vikombe viwili, akakata mkate sehemu mbili, akaketi.

"Na wa mtoto?"

"Ah." Alijipiga paji la uso, akampa Chiriku kipande chake. "Uzee huu."

Walicheka. Baadaye akamwita, "Mpenzi, njoo uone mawimbi." Mama Chiriku akasimama na sufuria mkononi. Tangu mtoto azaliwe mwanamume huyu hakuwahi kumwita isipokuwa mama Chiriku, hata wakigombana. Alifurahi, kusema kweli. Alijiangalia kwenye kioo cha mlango akajiweka sawa nywele.

Wakateremka wote watatu kwenye mawe, wakachezea maji kwenye vidimbwi, wakarudi wanachuruzika. Sakafu ilikuwa nyeupe, nyayo zikaonekana vizuri. Mama Chiriku alichukua kitambaa apanguse, maana mkono wake hauwezi kuvumilia sakafu chafu, akapiga magoti. Nyayo kubwa za mumewe. Nyayo zake mwenyewe. Akatafuta za tatu. Chiriku alikuwa amesimama mbele yake, gauni limelowa chepechepe, matone yanaanguka. Chini ya miguu yake sakafu ilikuwa kavu.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Ndipo mama yake alipotambua kwamba tangu asubuhi mtoto hakuwa ameimba.

Mchana fundi lifti akapakua sahani mbili. Safari hii alipokumbushwa alimtazama mtoto muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina lililomponyoka.

"Twende nyumbani," alisema mama Chiriku. "Sasa hivi."

"Mpenzi, jamani. Tumeingoja likizo hii miaka yote. Sisi wawili tu, hatuna wa kutusumbua."

"Sisi wawili?"

"Kwani na nani mwingine?"

Chiriku alikuwa amemshika baba yake mkono wa shati. Alikuwa anauvuta kwa nguvu zake zote. Shati halikusogea.

 Mama Chiriku alikwenda mezani, akafuta mbili, akaandika tatu. Akaikandamiza penseli hadi kadi ikabonyea. Akapepesa macho. Kadi ilionyesha mbili, kwa mwandiko wake mwenyewe, na saini yake chini. Akafuta tena. Akaandika tena. Mbili.

Alimpigia mwenye nyumba simu akiwa amesimama nje, karibu na vile viatu. Aliyepokea alikuwa mwanamke, mpole, hana haraka.

"Samahani dada, kuna kosa. Niliandika wawili. Sisi ni watatu. Nina mtoto."

"Uliandika wawili."

"Nilikosea. Nilidanganya, nisamehe. Nifanye nini?"

"Nyumba ni ya watu wawili, dada. Haimfukuzi mtu. Inaandaa vya wawili, na wanaotoka getini ni wawili."

"Lakini mwanangu..."

"Nani na nani, hilo ni lenu," alisema mwanamke, na hakuwa na ubaya wowote katika sauti yake. "Geti linafunguliwa Jumapili saa nne."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, namba haikuwepo.

Alikimbia getini akalisukuma, akalipiga teke, akatafuta pa kupanda. Kote kulikuwa laini kama yai. Alimrudia mumewe, akamshika mabega, akamweleza kila kitu, akamtajia siku mtoto alipozaliwa, mvua ile, teksi iliyozimika njiani, na yeye akishuka kuisukuma na viatu vya harusi. Fundi lifti alisikiliza kwa huruma. Akampapasa uso. "Umechoka," akasema. "Kazi yenu ile inaua." Kisha akaenda kulala kidogo, na mama Chiriku akabaki sebuleni na mtoto ambaye sasa ukuta ulionekana kupitia bega lake.

Alilia kidogo tu. Hakuwa na muda. Halafu macho yake, yale yasiyojua likizo, yakaenda yenyewe kwenye taulo, yakaenda kwenye vikombe. Viwili. Mbili. Jozi mbili.

Akajua la kufanya. Alilifanya kila siku.

Alianza na kitanda. Alitoa shuka upande wake, akatandika upya, akakaza pembe, akaweka mto wa Chiriku mahali pa mto wake. Akachukua taulo lake akalitundika upya, chini, mtoto anapofikia. Akasuuza kikombe chake akakiweka mbele ya kiti chake, akamkalisha Chiriku kwenye kiti hicho. Ndara zake akamvalisha, miguu ikaogelea ndani. Mikono yake haikuruka hatua hata moja. Mwisho alichukua kadi. Hakufuta kitu. Namba ilikuwa sahihi. Alifuta saini yake tu, akamshika Chiriku mkono, wakaandika pamoja herufi kubwa za kupinda.

"Mama, mimi si begi tena?"

"Wewe si begi tena. Pita kwenye korido, mama aone."

Chiriku alipita. Taa ikawaka.

Mama Chiriku akamfuata. Taa ikazimika.

Walikaa pamoja hadi jua likazama, maana mtoto alikuwa bado anamwona. Alimsuka nywele, mistari ya kubana, ili zikae muda mrefu. Alimwambia baba hajui kupika, ampigie shangazi simu. Alimwambia sweta liko begi la chini. Alimwambia mambo mengine ambayo mama yeyote angesema, na aliyarudia, na Chiriku akaanza kupiga miayo na kumjibu nusu nusu. Kisha hakujibu. Hakuwa amelala. Alikuwa anaangalia bahari, anaimba peke yake, kwa sauti kubwa.

Asubuhi mama Chiriku alisimama jikoni akamtazama fundi lifti akimimina chai vikombe viwili.

"Chiriku! Chai yako inapoa."

"Nakuja baba. Baba, kwa nini bahari haijai?"

Alimwita mumewe kwa jina lake. Alilitaja mara nyingi. Alipomshika mkono wa shati, shati halikusogea.

Saa nne kasoro wakatoka na mabegi. La mama Chiriku halikuwemo. Chiriku ndiye aliyetangulia, akasimama mlangoni. Kando ya viatu vyeusi palikuwa na sandali za kike, za kahawia, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi.

"Baba, hizi za nani?"

Fundi lifti aliinama. Mkanda ule aliushona yeye, mezani kwao, siku umeme ulipokatika. Alizisogeza sandali vizuri, visigino vikagusa ukuta.

"Wageni waliotangulia wamesahau."

Chiriku alizitazama. Alijishika nywele zake, mstari mmoja, na wa pili.

"Sasa ameondoka na nini miguuni?" akasema.

Baba yake alicheka hadi akaweka begi chini. "Haya maneno unayatoa wapi wewe mtoto?"

Chiriku alifikiri. Alifikiri sana, uso umekunjamana.

"Sijui," alisema, akaingia garini.

Geti likajifungua. Mama Chiriku alilikimbilia peku, juu ya zege, jina la mtoto wake mdomoni. Gari lilipita, watu wawili ndani, na geti likafungwa taratibu kabla hajalifikia.