Macho ya Bibi Fidès

Ukungu uliingia kwenye kioo cha kushoto tu. Orpa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena na kuinamia cherehani. Kabla hajamaliza mshono mmoja, kioo kilekile kikafifia tena, kama mtu anakipumulia kwa karibu. Akafuta kwa nje. Ukungu ulikuwa kwa ndani, upande wa jicho lake. Na palinuka ugoro, ilhali yeye na mumewe Mulenda, watu wa kanisa, hawajawahi kuingiza ugoro nyumbani mwao.

Akajiambia ni joto la mabati. Mwongo mkubwa! Alijua vizuri ni nani pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka aliyekuwa akinusa ugoro huku akipinda nguo.

Tuseme ukweli, Orpa hakuwa mtu mbaya, alikuwa amebanwa. Macho yalianza kumwacha tangu mvua za mwaka uliopita. Kwanza lilipotea tundu la sindano, kisha mstari wa chaki kwenye kitambaa, mwishowe akashona mkono wa sare ya kwaya ndani nje, na mwenye sare akahamia kwa fundi mwingine bila hata kuaga. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na Mulenda. Mshonaji asiyeona atakula nini kambini? Swali hilo lilimtia hofu kuliko kifo.

Sasa, wanawake washonaji wa kanisa walikuwa na mfuko wa ugonjwa. Kila mmoja alitia chake kila Jumapili, kikakaa kwa jina lake. Dawa, jino, miwani, hayo yaliruhusiwa, lakini kwa mwili wako wewe, si wa jirani. Kisichotumika mpaka Noeli kinakuwa mbuzi wa sikukuu. Basi ukifika mwezi wa kumi na moja, utashangaa jinsi maradhi yanavyowavamia hao mama. Aliyebeba ndoo jana, leo anashika kiuno. Orpa hakungoja hata mwezi huo. Chake kilikwisha mapema kwenye jino.

Cha bibi Fidès kilikuwapo chote. Bibi Fidès, Mrundi asiye na ndugu kambini, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alipinda nguo kwa kupapasa, akajinyima, akaweka, akawa anawaambia wenzake kwamba siku moja watampasua Lilongwe naye aone tena. Akafa kabla ya siku hiyo. Orpa akamwendea Régine, mwenyekiti wa kikundi, wakanong'onezana nyuma ya kanisa: marehemu hana mtu, pesa itakuwa mbuzi, na mbuzi atakuwa mavi. Régine akakubali kwa sharti moja tu, kwamba Orpa ajiandikishe kliniki kwa jina la Fidès, risiti irudi na jina hilo, ionekane bibi aliitumia mwenyewe kabla ya kufa, wengine wasiulize. Warundi wenzake walikuwa bado hawajaondoa matanga. Bibi wa watu hajaagwa, nao wawili wanagawana macho yake.

Orpa alipanda kabaza mpaka barabara kubwa, mwendesha baiskeli akihema kwenye vilima, akashika minibasi mpaka Lilongwe, akafika kliniki ndogo ya macho kule Area 23. Akaketi kwenye benchi. Muuguzi akatoka na kuita, "Fidès!" Orpa akakawia, maana aibu ilimshika. Muuguzi akaita tena. Nyuma ya benchi hapakuwa na kitu ila ukuta, lakini huko nyuma mtu akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kujibu.

"Niko," Orpa akasema haraka, akasimama.

Akarudi kambini na miwani usoni, akaona kila kitu, mpaka nyufa za matofali ya nyumba yake. Alifurahi sana. Furaha hiyo haikumaliza juma.

Baada ya ukungu ikaja sauti. Mchana kweupe, soko limejaa, Orpa akikanyaga cherehani, alisikia karibu na sikio mdomo usio na meno ukilamba ncha ya uzi, polepole, kwa subira. Kisha akamwona. Ng'ambo ya njia, kati ya watu wanaonunua mihogo, mwanamke amesimama akimpa mgongo; kesho yake mgongo uleule ulikuwa karibu na kizingiti; siku iliyofuata ulikuwa ndani ya nyumba, kando ya meza ya kukatia, na harufu ya ugoro ikajaa mpaka Orpa akakohoa, na alipovua miwani kwa hofu mwanamke alitoweka, lakini vilitoweka navyo sindano na uzi na sare za kwaya na vidole vyake mwenyewe, vyote vikawa moshi, na kwa kuwa sare zilitakiwa Jumamosi na nyumbani hapakuwa na unga, alilazimika kuivaa tena, akijua kwamba safari hii mwanamke atakuwa amegeuka.

Alikuwa amegeuka. Alikuwa anatafuta kwa vidole, kama alivyozoea, na vidole vilikuwa vinakuja usoni kwa Orpa.

Mulenda alimkuta chini ya meza. Akamwinua, akamnywesha maji, kisha akarudi nyuma kidogo.

"Mama Shukrani," akamnong'oneza mkewe, "mdomo yako iko nanuka ugoro. We unafanya nini wakati mi siko?"

Hapo ndipo Orpa akamweleza yote. Mulenda, mtu mpole, akamwomba aende kwa wale mama akaseme, arudishe. Orpa akakataa katakata. Kikundi kingemfukuza, na wateja wake wote waliletwa na kikundi. Afadhali maombi, akasema. Maombi hayaulizi risiti.

Wakaenda kwa mama Gertrude, mwombezi ambaye kambi nzima ilimwogopa, kwa kuwa alikuwa ametoa mapepo mpaka kwa mke wa mchungaji. Ilikuwa alasiri. Wanawake wa maombi walikuwa wameketi kwenye mikeka, Régine mmoja wao. Mama Gertrude aliichukua miwani, akainusa, akakunja uso.

"Pepo inafukuzwa kwa haki," akasema taratibu. "Wala si kelele. Niambie, mama. Haya macho unayoonea, nani aliyalipa?"

Orpa akamtazama Régine. Régine akaangalia miguu yake mwenyewe.

"Nililipa mi," Orpa akasema. "Pesa yangu. Jina langu."

Mulenda akainamisha kichwa kama anayeomba. Naye aliogopa njaa.

Mama Gertrude akaiweka miwani chini, akaivunja kwa kisigino, akamfunika Orpa macho kwa viganja viwili. Wanawake wakaanza kupiga makofi, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu, na chini ya makofi Orpa akasikia ule mdomo ukilamba uzi, si sikioni tena bali ndani ya kichwa chake, na vidole vikapapasa nyuma ya macho yake vikitafuta nafasi, na akataka kupiga kelele kwamba amedanganya, kwamba si jina lake, kwamba mama Gertrude angoje kidogo tu, lakini ulimi ulikuwa mzito wa ugoro na mama Gertrude alikuwa tayari ameinua sauti juu ya makofi yote:

"Mwenye macho haya abaki! Asiye mwenyewe, toka!"

Kitu kikang'oka.

Ikawa giza. Orpa alingoja viganja viondolewe usoni. Akasikia mama Gertrude anarudi nyuma, akihema; akaelewa kwamba viganja vimekwisha kuondolewa.

"Ndabona," kinywa chake kikasema kwa Kirundi, lugha ambayo hakuijua. Kikacheka. "Naona. Naona yote."

Shangwe zikalipuka. Alimsikia Mulenda akilia kwa furaha, akimshukuru mama Gertrude na Mungu pamoja, kisha akiuliza kwa sauti iliyokatika, "Unaniona, mama Shukrani? Bila miwani?"

"Nakuona, papa. Twende nyumbani."

Orpa akamwita Mulenda kwa nguvu zake zote, akaita tena na tena kutoka mle gizani. Mulenda akamshika yule mwanamke mkono, wakaenda nyumbani.