Nuccio wa Mashoto na Mnara wa Roccamara

Enzi hizo Italia haikuwa nchi moja. Kila mji ulikuwa na ukuta wake, bendera yake na jirani wa kupigana naye. Majina ya ukoo wengi hawakuwa nayo. Mtu alikuwa Pietro wa Lapo, yaani baba yake Lapo, basi. Ukikosa huyo "wa nani", shamba hupewi, binti wa watu huozwi, na ukifa unazikwa nje ya ukuta.

Nuccio wa mji wa Roccamara alikosa. Na baba anaye! Tena baba mwenyewe Jemadari Baldo, mkuu wa mapanga yote ya mji. Shida ilikuwa mkono. Nuccio alizaliwa na mashoto, na jeshi la Roccamara lilipigana kwa mstari, bega kwa bega, ngao kushoto, upanga kulia, kila ngao ikimfunika na jirani. Mwenye mashoto akisimama pale, anaacha mwanya. Siku moja mkuki ukapita kwenye mwanya huo, ukaua mtu. Baldo akamtoa mwanawe mstarini, akamtoa na nyumbani. Miaka tisa Nuccio alilala zizini na nyumbu wa jeshi.

Sasa, kiangazi kimoja watu wa Torrefosca, mji jirani, wakauvamia mji kabla ya jogoo, wakauteka mnara. Kisima pekee kilikuwa chini ya mnara huo, na kila aliyesogea na ndoo alipigwa mshale kutoka juu. Siku ya tatu akina mama walikuwa wanakamua matambara wapate tone la kumpa mtoto.

Kuupanda mnara kulikuwa na ngazi moja tu ya mawe, nyembamba, inazunguka nguzo kama gamba la konokono. Anayepanda, nguzo iko kulia kwake, inamgonga kiwiko, upanga haupati pa kuzungukia. Wa juu anakata anavyotaka. Baldo alipeleka wanaume saba, mmoja mmoja. Wote saba walirudi wakibingirika. Wa saba alikuwa Guido, mwanawe wa kwanza, kipenzi chake.

Nuccio akawaacha nyumbu, akaja mpaka mbele ya baba yake.

"Jemadari, nipe upanga."

"Rudi zizini, bwana harusi!" askari mmoja akapiga kelele. "Wake zako wenye masikio marefu wanakulilia!"

Wakacheka, midomo imewapasuka kwa kiu.

"Ile nguzo hainizuii mimi," Nuccio akasema. "Mkono wangu uko upande wenye nafasi."

Baldo alikuwa bado na damu ya Guido mikononi. Alimtazama huyu mwingine kama ndiyo kwanza amemwona.

"Unataka nini?"

"Nikiishusha bendera yao, useme mbele ya karani wa mji kwamba mimi ni Nuccio wa Baldo. Hilo tu."

"Panda."

"Sema kwanza."

"Nitasema! Panda!"

Akapanda. Jamaa wa kwanza wa Torrefosca alikinga upande aliozoea, upanga ukamwingia upande wa pili, hakuamini mpaka anakata roho. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akamchana Nuccio shavu mpaka meno yakaonekana, naye akamvuta kwa mkanda, akamrusha chini ngazini. Juu kabisa walibaki wapiga mishale wanne, na mshale hauna kazi mtu akishakufikia pua kwa pua. Bendera ikaanguka. Mji mzima ukakimbilia ndoo!

Mchana ule karani akakaa mlangoni pa kanisa na kitabu chake. Ndivyo walivyofanya kila baada ya vita: mpiganaji anataja jina, jemadari anaweka mkono kwenye Injili na kulithibitisha.

"Nuccio," karani akauliza, "wa nani?"

Nuccio akamgeukia baba yake, ameshikilia kitambaa shavuni. Baldo akainua mkono, ukaanza kwenda kwenye Injili. Hapo mzee Sandro, askari mpenda utani, akiwa ameshiba maji, akaropoka:

"Jemadari! Kumbe dawa ya ile ngazi ulikuwa nayo zizini siku zote! Sasa wale saba uliwapeleka wa nini?"

Mkono wa Baldo ukasimama hewani. Macho yakaenda pale Guido alipolazwa, amefunikwa shuka. Kumkubali huyu ilikuwa ni kukubali nani aliyemuua yule.

"Mwanangu ni mmoja," akasema. "Yule pale. Huyu simjui."

"Baba," Nuccio akasema.

"Nimesema simjui! Huyu ni mancino tu."

Mancino, yaani mwenye mashoto, na kwa midomo ya siku zile neno hilo halikuwa sifa. Karani akaandika: Nuccio Mancino. Jina likiwa kitabuni, shamba akapewa, la mawe, kule bondeni, na mke akaozwa. Baldo akaenda kumzika Guido, na nyumba yake ikafa pamoja naye.

Nuccio alipata watoto watano. Wa mwisho, msichana, alipoanza kushika kijiko kwa kushoto, baba yake aliufunga mkono huo kwa kitambaa, akaukaza, na mtoto alipolia hakuufungua. Haikusaidia. Mji ulishawaita wote Mancini, watu wa Mancino, hata wale wanne waliokula kwa kulia.

Baldo hakuna anayemkumbuka. Nuccio naye hakuna. Limebaki lile tusi, Mancini, ambalo leo ni jina la ukoo, na wenye nalo wanatia sahihi kwa hilo.