Jasho la Zege

Mkono wa mwanamke ulitokeza kwenye zege lililobomolewa, pete ingali kidoleni.

Inspekta alikuwa ameinama, na si kwa huzuni tu. Dari la chumba kile cha chini ya nyumba lilikuwa karibu mno kwa mtu ambaye kituoni walimwita Twiga. Isitoshe, tangu utotoni aliogopa vyumba visivyo na dirisha. Kijasho chembamba kilimtoka.

"Ni mke wangu," mwenye nyumba alisema kutoka ngazini. "Fundi huyu ndiye aliyekuwa na ufunguo."

Fundi wa sakafu, kibushuti waliyemwita Futi, ndiye pekee aliyeweza kusimama wima mle ndani. Alikuwa ameshatiwa pingu. Angetiwa hatiani, wanawe wasingemwona tena.

"Ulipewa ufunguo lini?"

"Jumatatu, afande. Siku nne tu."

"Zege umelibomolea nini?"

"Mbao ukizitandika penye unyevu zinavimba. Kwanza nabandika vipande vya nailoni sakafuni, nangoja. Vitatu vilikuwa vikavu. Cha pembeni kililowa chepechepe. Nikajua hapo pamemwagwa upya. Nilidhani kuna bomba linavuja, nikachimba."

"Amelimwaga mwenyewe," mume alidakia.

Inspekta alimgeukia. "Mara ya mwisho ulimwona lini mkeo?"

"Jumapili. Alikuwa mzima kabisa."

Daktari wa polisi, aliyechuchumaa kando ya maiti, alitikisa kichwa. "Huyu ana zaidi ya mwezi hapa."

"Na zege lina umri huohuo," Futi alisema. "Nilimwambia bosi tungoje wiki tatu likauke. Akasema mimi nitandike tu, shemeji zake wanakuja."

Inspekta aliwaambia askari wampandishe Futi juu, na daktari akapanda kwenda kuleta machela. Hapo ndipo Inspekta alipogundua kosa lake. Amebaki na yule bwana peke yao, naye ameziba ngazi.

Mwenye nyumba aliteremka kidato kimoja. Inspekta alirudi nyuma, kichwa kikagonga dari.

"Kwa nini?" aliuliza, mradi tu amzungumzishe.

"Alitaka kuniacha. Miaka kumi na tisa, afande. Alishafunga mizigo. Nilimsihi akae, nikapiga magoti hapo juu sebuleni."

"Akakataa."

"Akakataa." Mtu yule aliketi kwenye ngazi taratibu, akitazama lile shimo. "Sasa amekaa."

Inspekta alimwita askari ateremke na pingu za Futi. Sauti ilimtoka kama ya mtoto.