Nusu ya Neno la Kiyunani

Siku ya mnada Karatu watu husukumana kama ng'ombe mlangoni pa josho, na ndivyo Wilibrodi alivyosukumwa mpaka akaangukia cherehani ya Lusia, barazani kwa Marijani mwenye duka. Bugaluu yake, pana huko chini kiasi cha kufagia vumbi lote jekundu la mji, ilinasa kwenye kanyagio ikachanika mpaka gotini.

"Usinitazame hivyo, kaka," Lusia alisema. "Suruali imejitakia yenyewe. Ivue nishone."

"Nivue mbele ya mnada mzima?"

"Jifunge kanga hii. Hakuna anayekutazama."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Lusia, ndani ya sweta lake la buluu, alishona polepole kuliko kazi ilivyotaka.

Wilibrodi alikuwa karani wa ghala la ngano. Kabla ya hapo alikaa seminari miaka minne, akatoka bila upadri ila na daftari moja la maneno ya Kiyunani, mengi ya viungo vya mwili na maradhi. Wenzake waliwapelekea wachumba vitenge. Yeye kila Jumamosi alileta neno.

"Leo nimekuletea mboni ya jicho," alimwambia. "Wayunani waliiita msichana."

"Kwa nini?"

"Sogea utazame ndani ya jicho langu. Unamwona nani?"

"Namwona Lusia, mdogo kama punje ya ulezi."

"Huyo ndiye msichana. Hatoki humo."

"Na akija mwingine kujitazama?"

"Nitafumba."

"Mwalimu," Marijani alisema kutoka ndani ya duka, "nunua hata kiberiti basi."

Kufika mwanzo wa mwaka sabini na tisa, mama yake Wilibrodi kule Ganako alikwisha kumpenda Lusia. Mwanawe alikuwa mmoja tu, na mama alikwisha kutaja majina ya wajukuu, wa kwanza mpaka wa nne.

Kwaresima ilipoingia, barua ikaja. Josephati, kaka yake Lusia, alikuwa amekufa vitani, ng'ambo ya Kagera. Lusia aliisoma mara moja, akaanguka juu ya cherehani. Pumzi ilikatika, mikono ikakakamaa, kitu kikampanda kooni kikakaa hapo. Kwa siku tatu hali ilimrudia. Hospitalini daktari mgeni aliuliza machache, akaandika neno moja kwenye cheti, akampa vidonge.

Lusia alisali rozari na kulitazama neno lile wiki nzima. Kumwuliza mwuguzi aliona aibu. Wilibrodi ndiye mwenye maneno, na kwake hakuwahi kukosea hata moja. Akalinakili kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa.

"Hili nalo lina maana gani?"

Wilibrodi alikuwa anakula andazi. Akafurahi, maana tangu msiba mchumba wake hakuwa amemwuliza neno. "Histeria. Hilo limetoka kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya tumbo la uzazi. Umelitoa wapi?"

"Gazetini. Na mwenye ugonjwa wa jina hilo?"

"Basi atakuwa ameharibika tumbo hilo, nadhani. Kuna na hadithi yake, wale Wayunani..."

"Inatosha," Lusia alisema. "Nina nguo za watu."

Jumamosi iliyofuata hakumpa nafasi ya kukaa.

"Nimeghairi, Wili. Tafuta mwingine."

"Umeghairi nini? Mimi?"

"Nakwenda Mang'ola kwa dada."

"Kuna nani Mang'ola?"

"Vitunguu."

Akapanda lori la vitunguu mbele ya macho yake, akakaa kando ya dereva, na Wilibrodi akaelewa alichoelewa.

Kule Mang'ola mama mmoja wa mitishamba alimpa mizizi ya kurudisha tumbo. Lusia aliichemsha na kuinywa miezi mitatu, akimwomba Mungu apone ili arudi. Mwezi wa nne wa kuinywa akavuja damu juu ya magunia ya vitunguu, siku mbili mfululizo. Mkunga Sikudhani alimwokoa. Lusia alipotulia na kumweleza ile mizizi, mkunga akamwuliza nani kamwambia tumbo lake ni bovu. Lusia akatoa cheti.

Mkunga alikisoma, akakaa kitandani.

"Mwanangu, hili ni neno la mtu aliyeshtuka na msiba. Tumbo lako lilikuwa zima. Sasa ndiyo limeharibika. Hutashika mimba."

Lusia alirudi Karatu akiwa amekonda. Hakuweza kufika ghalani. Aliingia posta akaomba simu.

"Ghala la ngano hapa."

"Ni Lusia."

"Ahaa. Vitunguu vimeisha?"

"Wili, lile neno la kwenye kitambaa lilikuwa langu. Lilikuwa kwenye cheti changu." Akamweleza yote, mizizi, damu, alivyosema mkunga, bila kupumzika.

Upande wa pili kitu kilianguka mezani. Aliita, "Wili? Wili?" Aliendelea kushika mkono wa simu mpaka mhudumu wa posta akamwomba aurudishe.

Alikuwa bado kwenye benchi Wilibrodi alipoingia anahema, mweupe kwa vumbi la ngano, na michirizi miwili usoni.

"Sikukumalizia," alisema. "Wayunani waliamini tumbo la mwanamke lisilo na mtoto hutangatanga mwilini, hupanda likamkaba koo. Walikosea. Kila daktari anajua walikosea, limebaki jina tu. Mimi sikujua ugonjwa, nilijua neno. Nikakujibu."

"Ungesema hujui."

"Ungesema ni lako."

Lusia alikisukuma cheti ndani zaidi ya sweta.

"Sitaki kuolewa kwa huruma," alisema.

"Sogea utazame. Kama hayumo, uende zako."

Lusia alisogea. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa maji.

"Yumo," alisema. "Amekonda."

"Atakula kwangu. Nataka kukuoa, Lusia."

"Na mama?"

"Tutamwambia leo. Atalia. Tutakaa naye alie."

Walikwenda Ganako kwa miguu, cheti kikiwa ndani ya sweta. Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi. Aliwaona kutoka mbali, wawili pamoja, akaweka kisu chini, akaanza kutabasamu na kujifuta mikono.

Lusia akamshika Wilibrodi mkono, na wote wawili wakapunguza mwendo.