Boksi la Fundi Asiyekuwepo

Kila Jumamosi, Kidosho alipomaliza kuosha vyombo, sebule ya kwao ilijaa watoto wa mtaa mzima. Walikuja kucheza gemu za zamani, zile za kaseti, kwenye televisheni yenye kisogo. Sharti lilikuwa moja: kaseti uitafute kwa miguu yako, kisha usimulie ulivyoipata. Aliyeagiza mtandaoni alizomewa mpaka akakumbuka kwao.

Likizo ile Kidosho alisafiri na mjomba wake, dereva wa lori. Kila mji waliposimama aliingia kwa mafundi redio, akapekua, akatoka na vumbi puani tu. Aliporudi alimbembeleza shangazi amwagizie kaseti kwa simu. Ilipofika, akawatangazia wenzake kwamba aliichimbua kwa fundi mmoja mzee, ndani ya boksi chini ya pasi mbovu.

Hadithi ikanoga. Kila aliyeuliza aliongezewa chumvi: fundi akawa na chongo, kisha akapata paka, kisha boksi likabaki na kaseti nyingine tele. Walipomgeukia mjomba, alicheka tu, akasema barabarani mambo ni mengi.

Aliyeamini kuliko wote ni Mapengo, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alimwomba mjomba ampeleke kwa fundi huyo, na mjomba akamwambia kwanza aafikiane na Kidosho. Safari ya lori ilikuwa kesho yake, siku ya mechi ya shule. Mapengo akaamua kujitoa kwenye timu. Kocha angempa mwingine nafasi yake jioni ile.

Kidosho akabanwa. Akisema kweli, sebule nzima itamcheka. Akinyamaza, rafiki yake atakosa mechi kwa ajili ya duka lisilokuwepo. Akajaribu njia za panya. Alisema fundi amehama. Mapengo akajibu wataulizia alikohamia. Alisema labda kaseti zimekwisha. Mapengo akasema basi hata amwone huyo paka.

Alimkuta mjomba akifunga turubai la lori.

"Mjomba, mwambie lori limeharibika."

Mjomba aliendelea kukaza kamba. "Uongo wako nilidhani ni utani, nikacheka. Hapo nilikosea. Sasa unataka na mimi niseme wangu?"

"Watanizomea."

"Watakuzomea, mama. Lakini kocha hatangoja."

Kidosho alirudi sebuleni, akazima televisheni katikati ya mchezo. Wote wakamgeukia. Akasema yote: fundi, boksi, simu ya shangazi. Zomeazomea ilivuma mpaka jirani akachungulia dirishani.

Mapengo peke yake hakucheka. "Hata paka hayupo?"

"Hayupo."

Mapengo akavaa viatu bila soksi, akatoka mbio. Aliporudi, jasho lilikuwa likimtiririka. Kocha alikuwa bado hajampa mtu nafasi yake. Alikaa mbali na Kidosho, kisha akasema, "Kesho utanibebea maji mechi nzima."

Kidosho akakubali haraka kabla hajaongezewa adhabu.

Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwita kando. "Kutafuta ukakosa si aibu, na kununua kwa simu si kosa. Ila uongo ni kama kuingiza lori kichochoroni. Kuingia ni rahisi, kugeuza huwezi. Utatoka kinyumenyume, mtaa mzima ukikutazama. Kwa hiyo ukishajua umepotea njia, rudi mapema, kabla hujafika mbali."