Kurasa Zilizoshikana

Kila Ijumaa, kengele ya mapumziko ikishalia, wanafunzi wa darasa la sita husogeza madawati nyuma na kuweka kiti kimoja mbele ya ubao. Kiti chenyewe kina mkono mmoja tu. Ule mwingine ulivunjika zamani, na ukiuliza nani aliuvunja, kila mtu anaangalia dari. Hicho ndicho kiti cha msomaji. Anayekikalia huwa amesoma vitabu viwili, riwaya na diwani ya mashairi, na kazi yake ni kusema alivyoviona bila kumwogopa mtu. Darasa linapiga kura. Kitabu kimoja kinabaki rafuni, cha pili Mama Vitabu, muuza vitabu anayevileta, anarudi nacho dukani kwake.

Muhula ule kiti kilikuwa cha mvulana waliyembatiza Hakimu. Ulimi wake haukuwa na breki. Kitabu kikimchosha alisema kimemchosha, na wenzake walimpenda kwa hilo, maana walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Mama Vitabu, aliyekaa karibu na mlango na mkoba wake mapajani, alikuwa anacheka na huku anaumia.

"Tuanze na riwaya," alisema mwalimu wao. "Karibu, Hakimu."

Hakimu alikaa, akaegemea upande wenye mkono.

"Hii ya dereva wa lori aliyeibiwa mzigo, sura za mwanzo ziliniteka. Mama aliniita chakula mara tatu, nikajifanya sisikii. Lakini mwisho, jamani. Mwizi anakimbia kitabu kizima, polisi wamechoka, dereva amechoka, na mimi nimechoka. Halafu anakamatwaje? Anapiga chafya kabatini. Mwandishi aliishiwa, akaona bora mtu apate mafua."

Darasa lilicheka. Mwalimu naye aligeukia dirishani kuficha meno.

"Na diwani?"

Hakimu aliinua kile kitabu chembamba. "Hii sasa ni dawa ya usingizi. Mawingu, maua, mawingu tena. Ukimaliza shairi moja umemaliza yote. Mimi nasema irudi dukani, na Mama Vitabu anisamehe."

"Nimeshakuzoea, mwanangu," alisema Mama Vitabu.

Hapo mkono ukanyooshwa karibu na dirisha. Alikuwa Kijiti, msichana mwembamba ambaye akisema maneno kumi kwa wiki, basi wiki hiyo ameongea sana.

"Samahani. Lile shairi la mlango linaishaje?"

"Mlango gani?"

"La katikati. Nililiona dukani. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa juu, nikawa nachungulia kama mtu anachungulia chungu. Nimesoma mwanzo tu. Baba anaondoka, bawaba imelegea, mama anamwachia taa nje. Mwisho wake sikuuona."

Hakimu alihisi masikio yanapata moto. Yeye alisoma mashairi matatu ya mwanzo, akapiga miayo, akakifunga kitabu na kurudi kwa dereva wake wa lori. Mlango hakuujua wala bawaba yake.

Angeweza kusema hajui. Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama, na Hakimu hajawahi kukosa jibu.

"Unafungwa," alisema. "Baba harudi, mlango unafungwa, watu wanalia. Si nimewaambia ni ya kuchosha?"

Wawili watatu walicheka. Kijiti hakucheka. Aliushusha mkono wake polepole, akaanza kufuta dawati kwa kidole, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Hapo ndipo Hakimu akakumbuka. Babake Kijiti alikwenda mbali kutafuta kazi, na siku hizi hata salamu hazifiki.

"Haya, tupige kura," alisema mwalimu. "Wanaotaka diwani irudi dukani?"

Mikono ilianza kupanda. Hakimu alitazama chini, na kidole gumba chake kikagusa ukingo wa kitabu. Katikati kurasa zilikuwa bado zimeshikana, kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyezikata. Mtu yeyote akikishika kitabu hiki atajua.

Ukucha wake ukaingia kwenye mkunjo. Angeweza kupasua taratibu, kelele za kuhesabu zikiendelea. Karatasi ikaanza kuachia, kidogo tu, na ile sauti ndogo ya mchaniko ikamshtua kana kwamba imesikika uwanja mzima. Kijiti alikuwa hajanyoosha mkono. Alikuwa bado anafuta lile vumbi ambalo halipo.

"Mwalimu, subiri," alisema Hakimu. "Kura isipigwe."

"Kwa nini?"

"Sikusoma yote. Nilisoma matatu. Huo mwisho nimeubuni hapa hapa." Akainua kitabu juu. "Tazama, kurasa hazijakatwa."

Halafu mmoja nyuma akasema, "Kumbe hakimu anafunga watu bila kesi," na kicheko cha safari hii kilimwangukia yeye. Aliacha kimwangukie.

Mwalimu hakucheka. Alichukua rula ya chuma mezani, akampa. "Kata. Utusomee."

Ukurasa wa kwanza aliukata kombo. Mama Vitabu alifumba macho. Hakimu akalipata shairi, akaruka mpaka ubeti wa mwisho, akasoma bila madoido, akimtazama Kijiti kila baada ya mstari.

*Leo nimeshika nyundo, bawaba imetulia,*
*Lakini kuukomea, moyo wanikatalia,*
*Baba ukipita huku, sukuma utaingia.*

Kijiti aliacha kufuta dawati.

"Haufungwi," alisema.

"Haufungwi," alisema Hakimu. "Nisamehe. Nilikudanganya."

Kabla kura haijapigwa upya, Hakimu aliulizwa tena maoni yake.

"Yale matatu ya mwanzo bado ni mabaya, siwezi kusema uongo mara mbili. Hili la mlango ni zuri kuliko riwaya nzima. Mengine sijasoma, kwa hiyo sina neno." Diwani ikabaki. Dereva wa lori akaingia mkobani na mafua ya mwizi wake.

Mwalimu alisimama karibu na kiti.

"Sikilizeni nyote. Ulimi mkali sijaukataza hapa, na sitaukataza. Mlaji ana haki ya kusema mchuzi umezidi chumvi, lakini lazima aonje kwanza. Anayesema bila kuonja anawadanganya wenzake, na kila anayemwamini anakula uongo wake. Hakimu, umejirudi mwenyewe, na hilo nimeliona. Lakini Ijumaa ijayo kiti si chako."

"Sawa, Mwalimu."

"Kijiti, utakalia wewe. Anza na diwani hiyo hiyo."

Kijiti alikuja mbele, akaipokea diwani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, haya ya mwanzo aliyosema mabaya, niyaruke?"

"Usiyaruke," alisema Hakimu kabla mwalimu hajafungua mdomo. "Yasome, halafu utuambie mwenyewe."